Maswali ya wasomaji: Ndani ya 61,741,120 mna nini?

Barua za safari hii zimeangukia namba moja: 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa nchini katika Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, ikatangazwa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Mambo ya uzazi, ajira na makazi tunawaachia wenyewe wa takwimu. Sisi tunaichukua kama namba tu, tunaipasua kama buyu tuone mbegu zake.

Wanafunzi wamekwama kwenye 27,563

*Niliwapa darasa la saba kazi ya kutafuta vigawo tasa vya namba ya sensa. Karibu wote wamefika 27,563 wakaandika "hii ni tasa". Nami nimeijaribu kwa kila namba tasa mpaka 41, inakataa. Niwape alama zote? – Mwalimu, Kongwa*

Usiwape zote, Mwalimu. Mmeishia mlangoni: namba tasa inayofuata baada ya 41 ni 43, na hiyo inaingia bila baki.

Tuanze mwanzo. Namba inaishia na sifuri, kwa hiyo 10 inaingia, yaani 2 na 5. Inabaki 6,174,112. Endelea kukata nusu: 3,087,056, kisha 1,543,528, kisha 771,764, kisha 385,882, kisha 192,941. Hapo imeshakuwa witiri. Umekata nusu mara tano, na ukiongeza ile 2 iliyokuwa ndani ya 10, mbili zinakuwa sita. Hapa ndipo wengi hupoteza alama bila kujua: 2 ya ndani ya 10 inasahauliwa, mtoto anaandika 2⁵, na zao la vigawo vyake linatoka nusu ya namba aliyopewa.

Sasa 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haiingii. Haiishii na 0 wala 5. Kwa 7, 11 na 13 usigawanye mara tatu. Zao la hizo tatu ni 1,001, na hilo linatupa njia ya mkato: igawe namba katika mafungu ya tarakimu tatutatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu. Hapa mafungu ni mawili tu, 941 − 192 = 749. Namba ndogo hii inajibu kwa niaba ya ile kubwa. 749 ni 7 × 107, kwa hiyo 7 inaingia. 11 ikiingia kwenye 749 inabakiza 1, na 13 inabakiza 8, basi hizo mbili zimetoka.

192,941 ÷ 7 = 27,563, na hapo ndipo darasa lilipokwama. Kanuni ni kwamba ruhusa ya kusema "hii ni tasa" inapatikana ukishafika kipeuo cha pili cha namba, si kabla. 166 × 166 = 27,556, kwa hiyo kipeuo cha pili cha 27,563 kimezidi 166 kidogo sana, na ungelazimika kujaribu namba tasa zote mpaka 163. Kusimama kwenye 41 ni kutafuta mbuzi aliyepotea kwa kuchungulia zizi la jirani wa kwanza tu.

Kwa 43 kuna mbinu ambayo haifundishwi sana, nasi tunaona inastahili. Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 13, jumlisha na zilizobaki. Kwa 27,563: 2,756 + 3 × 13 = 2,795. Rudia: 279 + 5 × 13 = 344. Rudia tena: 34 + 4 × 13 = 86, ambayo ni 43 mara mbili. Inafanya kazi kwa sababu 13 × 10 = 130, na 130 ni 43 × 3 ukiongeza 1.

27,563 ÷ 43 = 641. Kipeuo cha pili cha 641 hakifiki 26, kwa hiyo namba tasa za kujaribu zinaishia 23. Hizo zote mlishazijaribu kwenye 27,563 zikakataa, na namba isiyoigawa namba kubwa bila baki haiwezi kukigawa kipande chake. Kwa hiyo 641 ni tasa bila kazi ya ziada, na jibu kamili ni:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Kulihakiki ni kuunganisha tu: 64 × 5 = 320, mara 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni namba yetu. Kupasua kulikula ubao mzima, kuunganisha kumechukua mstari mmoja. Kuhusu alama, aliyeonyesha njia safi mpaka 27,563 mpe alama za njia, ya jibu mnyime.

Vigawo vingapi, na mikoa 31?

*Naomba kujua namba hiyo ina vigawo vingapi kwa jumla bila kuviorodhesha. Pia, ingegawanywa sawa kwa mikoa yote 31 ingekuwaje? – Msomaji, Singida*

Tazama vipeo: 6, 1, 1, 1, 1. Kila kimoja kiongeze 1, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Sababu ni kwamba kila kigawo unakiunda kwa kuchagua. Idadi ya mbili ni kuanzia sifuri mpaka sita, hizo ni njia saba. Halafu 5 ama unaiweka ama unaiacha, vivyo hivyo 7, 43 na 641. Ukichukua 7 na 43 tu unapata kigawo 301. Ukiacha zote unapata 1, na 1 nayo ni kigawo, msiisahau kwenye hesabu.

Mikoa 31 haigawani sawa, kwa kuwa 31 ni tasa na haimo kwenye orodha yetu. Lakini imekosa kwa unywele: 31 × 1,991,649 = 61,741,119. Kila mkoa ungepewa watu 1,991,649, na mmoja angebaki stendi.

Na ya mkoa wetu?

*Dodoma ni 3,085,625. Hiyo nayo ina siri gani? – Chamwino*

Ina vigawo vichache mno kwa ukubwa wake. 10,000 ni 625 × 16, kwa hiyo kujua kama 625 inaingia unatazama tarakimu nne za mwisho tu. Hapa ni 5,625, ambayo ni 625 × 9. Inaingia. 3,085,625 ÷ 625 = 4,937, nayo ni tasa (jaribu namba tasa mpaka 67, zote zinaacha baki). Kwa hiyo ni 5⁴ × 4,937, na vigawo vyake vyote vinaenea kwenye mstari mmoja wa daftari: 1, 5, 25, 125, 625, 4,937, 24,685, 123,425, 617,125 na yenyewe. Kumi tu, ukilinganisha na 112 vya nchi nzima.

Daftari limezidi kwa 63,000

*Ninanunua mahindi na alizeti soko la Kibaigwa. Jioni daftari lilionyesha shilingi 63,000 zaidi ya fedha zilizopo mkononi. Nimejumlisha mara tatu, jumla ni ileile. Mnaandika habari za namba kubwa, na hii je? – Mfanyabiashara*

Ukijumlisha mara tatu ikatoka ileile, kosa haliko kwenye kujumlisha, liko kwenye kuandika. Kwanza tafuta kama kuna muamala wa 63,000 kamili uliouandika bila kupokea fedha, au malipo ya kiasi hicho uliyoyatoa ukasahau kuyaandika. Pili, tafuta nusu yake, 31,500: malipo yaliyoandikwa upande wa mapokezi huleta tofauti mara mbili ya kiasi chenyewe. Ukivikosa vyote viwili, gawanya tofauti kwa 9. 63,000 ÷ 9 = 7,000, hakuna baki. Hapo shuku tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi.

Kila tarakimu mbili jirani zinapopishana, tofauti inayotokea ni 9 mara tofauti ya tarakimu hizo, mara thamani ya nafasi yake. 7,000 inakuambia mambo mawili: tarakimu zenyewe zinatofautiana kwa 7, na ziko kwenye nafasi za elfu na makumi elfu. Kwa hiyo huna haja ya kupekua daftari zima. Tafuta palipoandikwa 81, 92 au 70 kwenye nafasi hizo upande wa mapokezi, au 18, 29 au 07 upande wa matumizi. Mfano, aliyekulipa 418,000 ukamwandika 481,000 amekuachia 63,000 hewa.

Mbinu hiyo ya 9 ndiyo wahasibu wa zamani walioitumia kuhakiki jumla kubwa, nayo inafaa kwenye namba ya sensa. Tanzania Bara walihesabiwa 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. Ya Bara ni 42, kisha 6. Ya Zanzibar ni 43, kisha 7. 6 + 7 = 13, kisha 4. Na 61,741,120 inatoa 22, kisha 4. Zimekubaliana.

Ila jihadhari. Kipimo cha 9 ni kipofu kwa kosa lilelile la kupishanisha tarakimu, maana kupanga upya hakubadilishi jumla yake. Ungeandika 61,714,120 kingekubali vilevile, na umepoteza watu 27,000. Kwa hilo tumia 11: anzia kulia, toa na ujumlishe tarakimu kwa zamu, na jibu likiwa hasi liongezee 11 mpaka lizidi sifuri. 61,741,120 inatoa −10, yaani 1. Bara inatoa 6, Zanzibar −5 yaani 6, jumla 12, yaani 1. Sawa. Ile iliyokosewa inatoa −16, yaani 6. Imekamatwa. Kwa daftari la gunia, 9 inatosha kukuonyesha pa kutazama. Kwa jumla unayoipeleka kwa mtu mwingine, pima kwa zote mbili.

6174 mwanzoni mwa namba

*Tarakimu nne za kwanza ni 6174. Nimesikia hiyo ni namba ya ajabu. Ina maana gani kwa nchi? – Kidato cha nne, Dodoma mjini*

Kwa nchi, haina. Namba ya tarakimu nane inaweza kuanza na mafungu 9,000 ya tarakimu nne, kuanzia 1000 mpaka 9999, na lazima ianze na mojawapo. Ni sadfa, ingawa tunakubali ni sadfa tamu.

Ajabu yake yenyewe ni ya kweli. Iligunduliwa na Mhindi D. R. Kaprekar mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, utoe. Rudia kwa jibu. Hatua hazizidi saba, utatua kwenye 6174 na hutatoka tena, kwa kuwa 7641 − 1467 = 6174.

Mwaka wa sensa: 2220 − 0222 = 1998. 9981 − 1899 = 8082. 8820 − 0288 = 8532. 8532 − 2358 = 6174. Hatua nne. Mwaka 1973, ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, unafika kwa mbili: 9731 − 1379 = 8352, kisha 8532 − 2358 = 6174. Mwaka wa Muungano, 1964, unazunguka hatua sita. Huo tunakuachia.

Wanaolalamika kwamba haifanyi kazi karibu wote wametupa sifuri ya mbele. Jaribu 2111. 2111 − 1112 = 999. Ukiichukua kama 999, umekwama: 999 − 999 ni sifuri. Iandike 0999, tarakimu zibaki nne, na safari inaendelea: 9990 − 0999 = 8991, kisha 8082, kisha 8532, kisha nyumbani.

Swali fupi kutoka Manyoni

*Je, 61,741,120 ni namba kamilifu, ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa?*

Hapana, imepitwa mbali. Jumla ya vigawo vyote ni 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Toa namba yenyewe, inabaki 110,458,688, karibu mara mbili yake. Namba kamilifu iliyo chini yake ni 33,550,336. Inayofuata juu ni 8,589,869,056, kwa hiyo hakuna sensa ya nchi yoyote itakayoigusa.

641 nimeiona mahali

*Kwenye vigawo vya namba hiyo kuna 641. Mwalimu wetu aliwahi kuitaja akizungumzia Fermat, akasema tutaelewa mbele. Naomba kuelewa sasa. – Kidato cha sita, Mpwapwa*

Kijana, umeona vizuri. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ikaongezwa 1. Zote tano ni tasa. Akaamini inayofuata, 2³² + 1 = 4,294,967,297, na zote za mbele yake, nazo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler aliionyesha dunia kwamba 641 inaigawa: 641 × 6,700,417.

Hakubahatisha. Euler alionyesha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Masharti hayo yanafagia karibu namba zote. Zinazobaki na ni tasa ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano likajibu. Linganisha na Mwalimu wetu wa Kongwa aliyejaribu kila namba tasa kwa zamu: kujua sura ya unachokitafuta kunapunguza kazi kuliko kikokotoo kipya.

Uthibitisho unatosha kwenye karatasi ya mtihani. 641 ina sura mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴. Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 inabakiza −1. Ipandishe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kwa sura ya pili, 5⁴ na −2⁴ zina baki moja, kwa hiyo weka hii mahali pa ile: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inabakiza 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Wengi huteleza kwenye kupandisha kipeo: −1 kwa kipeo cha 4 ni 1, si −1, na alama ikikosewa hapo mwisho wote unageuka.

Na wakati uko hapo, zidisha tatu za kwanza: 3 × 5 × 17 = 255, msimbo wa simu wa Tanzania. Ongeza 2, unapata 257, Fermat inayofuata. Mwenendo huo wa kuzidisha zote zilizotangulia na kuongeza 2 hauvunjiki.

Kikokotoo kimekata tarakimu

*Nimezidisha 61,741,120 kwa yenyewe, kikokotoo kikaandika 3.811965899 × 10¹⁵. Nikaandika jibu 3,811,965,899,000,000. Mwenzangu anasema si sahihi. – Kondoa*

Mwenzako ana haki. Kikokotoo chako kina nafasi ya tarakimu kumi, na jibu lina kumi na sita. Sita za mwisho kimezikadiria, wewe ukazijaza sifuri. Ishara ya wazi ni hii: namba inayoishia na sifuri moja ikizidishwa kwa yenyewe lazima iishie na sifuri mbili hasa, na jibu lako lina sita.

Ipasue namba katikati: 6174 na 1120. Kisha fanya vipande vitatu ambavyo kikokotoo chako kinavimudu. 6174 × 6174 = 38,118,276. 2 × 6174 × 1120 = 13,829,760. 1120 × 1120 = 1,254,400. Cha kwanza kiongeze sifuri nane, cha pili sifuri nne, cha tatu kiache kilivyo. Vipange kulia kwa kulia, maana hapo ndipo watu husogeza safu moja na kuharibu kila kitu:

3,811,827,600,000,000
138,297,600,000
1,254,400

Jumla ni 3,811,965,898,854,400. Pima kwa 9: namba ya mwanzo ilitoa 4, 4 × 4 = 16, kisha 7. Tarakimu za jibu zinajumlisha 79, kisha 16, kisha 7. Jibu uliloandika wewe linatoa 59, kisha 14, kisha 5.